Homa ya Ini A: Tunahesabu Maambukizi, Tumesahau Kuuliza Umri

Kati ya Januari na Mei 2025, nchi nne za Ulaya ya Kati, yaani Slovakia, Jamhuri ya Czech, Hungaria na Austria, ziliandikisha kwa pamoja wagonjwa zaidi ya 2,000 wa homa ya ini A, na baadhi yao walifariki. Habari kama hizi zikifika kwetu husomwa kwa namna mbili. Kuna anayecheka: kumbe na Wazungu hawanawi mikono. Kuna anayepuuza: huo ni ugonjwa wao, sisi tunaishi nao tangu utoto na hautusumbui. Wote wawili wanateleza mahali pamoja, kwa kuwa wanaangalia wingi wa maambukizi na kusahau kuuliza anayeambukizwa ana umri gani. Dai la makala hii ni kwamba uzito wa homa ya ini A katika jamii hutegemea idadi ya vijana na watu wazima ambao kirusi hiki hakijawahi kuwapitia. Na katika miji ya Afrika Mashariki, ambako kaya moja ina kisima kirefu na choo cha kuvuta maji huku ya jirani ikichota kwenye bomba la mgao, kuna kila sababu ya kuamini kuwa watu hao wanaongezeka bila mtu yeyote kuwahesabu.

Kirusi chenyewe kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1973, pale Stephen Feinstone, Albert Kapikian na Robert Purcell wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walipochunguza kinyesi cha wagonjwa kwa hadubini ya elektroni. Ni kirusi kidogo cha ukoo mmoja na kile cha polio. Huingia mdomoni, hupita tumboni, huzaliana ndani ya seli za ini, hushuka na nyongo hadi utumbo na kutoka na choo. Kinapotoka hakina utando wa mafuta, na hilo linaeleza ugumu wake: hakidhuriwi na asidi ya tumbo, hustahimili kugandishwa, na dawa za kutakasa mikono zenye spiriti hazikiwezi vizuri. Mpishi anayejipaka jeli akitoka chooni amefanya kazi nusu, maana kinachohitajika ni sabuni na maji yanayotiririka. Moto nao lazima uwe wa kweli. Ndani ya chaza au kome, nyama ya katikati inatakiwa ifikie nyuzi 85 za Selsiasi kwa dakika moja au zaidi, na kuwachovya kwenye maji moto mpaka wafunuke hakutoshi. Maji ya kunywa yatokote kwa dakika moja, na kwenye nyanda zilizo juu ya mita 2,000 yatokote dakika tatu.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba kwa kinga ya mwili, kirusi hiki kina aina moja tu duniani kote. Aliyeugua Mombasa hataugua tena Manila, kwa kuwa kingamwili za IgG, yaani protini za kinga zinazobaki kwenye damu baada ya kupona, humlinda maisha yote. Wala ugonjwa wake hauwi sugu, yaani wa kudumu mwilini, kama ule wa homa ya ini B na C. Mtu hupona akabaki na kinga, au, kwa wachache, ini hufeli akafa. Kwa hiyo kila jamii ina makundi mawili tu, waliopitiwa na ambao bado, na suala zima la epidemiolojia ya ugonjwa huu, yaani namna unavyoenea katika jamii, ni lini watu wanahama kutoka kundi moja kwenda jingine.

Mtoto wa chini ya miaka sita akiambukizwa, mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, na ni kama mmoja kwa kumi tu anayepata macho ya manjano. Mtu mzima akiambukizwa, zaidi ya asilimia 70 hupata manjano. Vifo kwa jumla havizidi sana watatu kwa kila wagonjwa 1,000, lakini kwa waliovuka miaka 50 hufikia 18 kwa 1,000. Sasa chukua mji ambao kwa mwaka watoto 1,000 wa miaka minne huambukizwa. Watakaoonekana zahanati wakiwa na manjano ni kama 100, na wengi wao watacheza baada ya wiki mbili. Boresha maji kiasi cha kupunguza maambukizi kwa nusu, lakini hao 500 waliobaki wawe wanaambukizwa wakiwa na miaka 25. Wenye manjano sasa watakuwa 350 au zaidi. Maambukizi yamepungua kwa nusu, wagonjwa wameongezeka zaidi ya mara tatu, na ni watu wenye kazi, wenye mimba, wenye madeni ya benki. Mwandishi wa habari atakayefika hapo ataandika kwamba usafi umeporomoka, na atakuwa ameandika kinyume cha kilichotokea.

Shanghai ililipa gharama hiyo mapema mwaka 1988. Watu wapatao 300,000 waliugua katika miezi michache kwa kula kombe wa baharini waliovunwa kwenye maji yenye majitaka na kuliwa wabichi au wakiwa wameiva juu juu. Wengi walikuwa na umri wa miaka 20 hadi 39, kizazi kilichokua katika mji uliokuwa safi kuliko ule wa wazazi wao. Kombe walikuwa njia tu, kwani viumbe hawa huchuja maji mengi kila siku na kulimbikiza kirusi ndani yao. Mlo huohuo ukiwakuta wazee waliokwisha kupitiwa utotoni, hauna la kuwafanya. Marekani iliupata mkasa wa namna nyingine. Kuanzia 2016 ugonjwa ulipita mtu kwa mtu miongoni mwa watumiaji wa dawa za kulevya na wasio na makazi. San Diego peke yake ilihesabu wagonjwa 592 na vifo 20, ikalazimika kuweka vituo vya kunawia mikono mitaani na kuosha njia za waenda kwa miguu kwa klorini. Hadi mwaka 2023, majimbo 37 yalikuwa yameandikisha wagonjwa zaidi ya 44,000, kama sita kati ya kumi wakiwa wamelazwa, na vifo zaidi ya 400. Ulaya ya Kati mwaka 2025 ilifuata mkondo huo: wasio na makazi, watumiaji wa dawa za kulevya, na jamii za Waroma, kabila la wachache barani Ulaya, zinazoishi bila maji ya uhakika. Nchi tajiri, watu wazima wasio na kinga, na mifuko ya ufukara wa vyoo katikati yao. Ukiviweka vitatu hivyo pamoja, hakuna haja ya kuwatukana Wacheki kuhusu mikono yao.

Kwetu hali ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayowapotosha wanaopuuza. Shirika la Afya Duniani huhesabu eneo kuwa na maambukizi ya juu iwapo watoto asilimia 90 au zaidi wamekwisha kupata kinga wakifika miaka 10. Likishuka hapo, lakini angalau nusu wawe wamepata kinga wakifika miaka 15, ni eneo la kati. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara imekaa kwenye kundi la juu kwa miongo mingi. Ndiyo sababu, mlipuko wa manjano ukiwakumba watu wazima hapa, mshukiwa wa kwanza huwa homa ya ini E, ambayo nayo hupita kwenye maji machafu. Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mlipuko ulioanza 2007 uliwapata watu zaidi ya 10,000 na kuua wapatao 160, na ulikuwa wa E. Bentiu, Sudan Kusini, mwaka 2022 ilichanjwa dhidi ya E. Homa hii ya E ni balaa kwa mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho kwa namna ambayo A siyo, hivyo kutenganisha hizi mbili si suala la kitaaluma tu. Lakini ngao inayotukinga na A ni maambukizi ya utotoni, na ngao hiyo huondoka kimyakimya pale mtoto anapolelewa kwenye nyumba yenye maji safi. Afrika Kusini imeshaanza kuiona: tafiti za Rasi ya Magharibi zimeonyesha kuwa watoto wenye kinga wakiwa na miaka 10 hawafiki tena asilimia 90.

Tuje kwenye mgonjwa mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo makosa ya kila siku yanafanyika. Tangu kirusi kiingie hadi dalili za kwanza hupita siku 15 hadi 50, wastani 28. Mtu akiulizwa alikula nini jana, swali limekosea mwezi mzima. Huanza na uchovu mzito, homa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Mvutaji huweza kuichukia sigara ghafla. Katika siku hizi za mwanzo, kwa hali ilivyo katika vituo vyetu, mgonjwa huambiwa ana malaria au taifodi, na kipimo cha damu cha taifodi kiitwacho Widal, ambacho hutoa majibu ya uongo kwa urahisi, humpa daktari asiye makini kibali cha kuandika antibiotiki. Baada ya siku kadhaa mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi, choo hupauka, macho yanageuka manjano, mwili unawasha. Kwa wengi, manjano yakitokea homa hushuka na hamu ya kula inaanza kurudi. Lakini kirusi kilikuwa kikitoka kwa wingi zaidi katika wiki mbili kabla ya manjano, na wiki moja baada yake uambukizaji huwa umeshuka sana. Kumtenga mgonjwa mwenye macho ya manjano kuna faida ndogo. Aliyemwambukiza nyumba nzima ni yule wa wiki mbili zilizopita, aliyekuwa akisonga ugali huku akisema anahisi uchovu tu.

Maabara nazo zina mtego wao. Kipimo kinachothibitisha ni cha IgM dhidi ya kirusi cha A, yaani kingamwili ya mwanzo wa maambukizi, ambayo huonekana siku chache kabla ya dalili na kubaki hadi kama miezi sita. Vituo vingi vina vipimo vya haraka vya B na C lakini havina hiki. Mgonjwa hupimwa B na C, majibu yanakuwa hasi, anaambiwa hana homa ya ini. Vilevile mzazi husema mwanawe amechanjwa homa ya ini, naye anasema kweli: chanjo ya watoto wachanga inayotolewa kwenye kliniki zetu ina kinga ya B. Haizuii A hata kidogo. Upande wa pili, kumpima IgM mtu asiye na dalili yoyote kunaweza kutoa majibu chanya yasiyo na maana, basi kipimo hiki kiachwe kwa mwenye dalili au mwenye vimeng'enya vya ini (kemikali zinazovuja kwenye damu ini likiumia) vilivyopanda.

Dawa ya kuua kirusi haipo na kwa kawaida haihitajiki. Mgonjwa anywe maji ya kutosha, ale anachoweza, aache pombe kabisa. Hakuna ushahidi kwamba kumkataza mafuta au kumjaza glukosi kunaharakisha kupona. Kinachomdhuru ni mrundikano wa dawa juu ya ini lililovimba: paracetamol inayomezwa kila saa nne bila kuhesabu, na michanganyiko ya mitishamba ya kusafisha ini, ambayo huweza kumfikisha hospitali akiwa amezidiwa. Wachache, kama mmoja kwa kumi, huona dalili zikirudi tena katika miezi sita ya kwanza, na wengine hubaki na manjano na muwasho zaidi ya miezi mitatu. Yote mawili huisha yenyewe. Cha kukimbilia hospitali ya rufaa ni mgonjwa anayechanganyikiwa, anayelala mchana na kukesha usiku, anayetokwa damu puani au kwenye fizi, au anayetapika mpaka maji hayakai. Hapo damu ipimwe jinsi inavyoganda na sukari ifuatiliwe, maana vimeng'enya vinaweza kushuka kwa sababu seli za ini zimekwisha, na mtu akadhani ni nafuu. Wenye B sugu wako katika hatari kubwa zaidi A ikiwajia ukubwani. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani inakadiriwa kuwa na watu milioni 65 wa aina hiyo, na hawa ndio wanaonitia wasiwasi kuliko wote.

Mtu anaweza kusema: lakini maji yetu yanazidi kuwa bora, tatizo liko wapi? Liko kwenye kuboreka nusunusu. Bomba la mgao likiwa tupu, shinikizo lake hushuka, na majitaka yaliyo ardhini hunyonywa ndani kupitia nyufa. Maji yakirudi, nyumba ya kwanza hupata mchanganyiko huo. Boza linalouza maji mtaani huenda lilijazwa kwenye kisima kilicho hatua chache kutoka kwenye karo la majitaka. Klorini inakiua kirusi hiki, ila inahitaji maji yasiyo na tope, na ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa. Kumwaga klorini kwenye tanki lenye matope chini ni kupoteza dawa. Sasa fikiria mtoto aliyelelewa na maji ya chupa na choo cha ndani, asiyewahi kukutana na kirusi, anapelekwa shule ya bweni ya wanafunzi 800 wanaotegemea tanki moja na jiko moja. Kwa mwanafunzi wa kijijini aliyepata kinga akiwa na miaka mitatu, bweni hilo halina hatari ya A. Kwa huyu wa mjini ni mahali pa kuambukizwa akiwa na miaka 16.

Je, tuanze kuchanja kila mtoto? Wanaosema tusubiri wana hoja nzito, na mimi nakubaliana na sehemu yake. Bajeti za chanjo zimebanwa na chanjo za malaria, za saratani ya shingo ya kizazi na za taifodi, ambazo zinaokoa maisha leo. Mahali ambapo asilimia 90 ya watoto wanapata kinga kabla ya miaka 10, kuchanja wote ni kununua kitu ambacho wengi watakuwa nacho hata hivyo. Hii ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani katika msimamo wake wa 2022 halishauri kila nchi iingize chanjo hii. Linataka kwanza dalili kwamba wagonjwa wakubwa wanaongezeka na kwamba eneo linahama kutoka maambukizi ya juu kwenda ya kati. Wanaotaka chanjo sasa nao wana mifano mikubwa. Israeli ilianza mwaka 1999 kwa dozi mbili kwa watoto wa miezi 18 na 24, na wagonjwa wakapungua kwa zaidi ya asilimia 95 katika umri wote, hata kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa, kwa kuwa watoto waliokuwa wakisambaza hawakusambaza tena. Argentina ilikuwa na watoto wanaowekewa ini jipya kwa sababu ya A. Mwaka 2005 ilianza kutoa dozi moja tu wakiwa na mwaka mmoja, na ndani ya miaka michache ini kufeli kutokana na A kulitoweka kwa watoto. Brazil ikaiga dozi hiyo moja mwaka 2014. Dozi moja hupunguza bei kwa nusu na hilo hubadilisha hesabu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika barazani na, kwa bahati mbaya, hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya: waacheni watoto waugue mapema, uchafu unajenga kinga. Inasikika kama busara kwa sababu sehemu yake moja ni kweli. Lakini njia inayomletea mtoto kirusi cha A kwa upole ndiyo inayomletea kipindupindu, kirusi cha rota cha kuharisha, taifodi na polio, na hao hawana upole wowote. Mtoto asiye na dalili naye hubeba ugonjwa hadi kwa dada wa kazi wa miaka 20 na bibi wa miaka 60. Na watoto wa Argentina waliokuwa wakingoja ini la kuwekewa hawakuambukizwa ukubwani. Upole kwa wengi haukuwa upole kwa wote. Zaidi ya hayo, mzazi wa mjini hawezi kuchagua. Mtoto wake hatapitiwa akiwa na miaka mitatu kwa sababu maji ya nyumbani ni safi, hata baba akisifia uchafu vipi.

Wanaoishi nje wanaliona jambo hili kabla yetu. Mama aliyekulia Tanga na sasa anaishi Leicester ana kinga yake tangu utotoni, wala hajui kama anayo. Watoto wake waliozaliwa huko hawana, na Uingereza haiwachanji watoto wote dhidi ya A kama ilivyofanya Marekani kuanzia 2006. Likizo ya wiki nne nyumbani, juisi ya miwa yenye barafu, maji ya kisima cha shangazi, na mtoto wa miaka tisa anarudi darasani na kirusi kisicho na dalili. Dozi moja, ambayo mtoto anaweza kupewa kuanzia umri wa mwaka mmoja, ikitolewa hata siku chache kabla ya safari ina faida, na ya pili baada ya miezi sita hadi 12 inamalizia. Aliyekwisha kukaa karibu na mgonjwa ana siku 14 za kuchanjwa. Utafiti uliofanywa Almaty, Kazakhstan, na kuchapishwa 2007 ulionyesha kuwa chanjo ndani ya muda huo hukaribia kulinda sawa na sindano ya imunoglobulini, yaani kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine, ambayo ni ghali na adimu.

Kwa nchi zetu kinachokosekana ni jedwali moja tu: asilimia ya wenye IgG dhidi ya A kwa umri wa miaka 5, 10, 15, 20 na 30, likitenganisha mjini na kijijini, na ndani ya mji likitenganisha wenye maji ya ndani na wasio nayo. Wastani wa taifa hautasaidia, kwa sababu utaficha mitaa ya wenye nacho, kama Masaki ya Dar es Salaam na Kilimani ya Nairobi, ndani ya asilimia 90 ya nchi nzima. Hakuna haja ya kuanza kwa kutoa watu damu upya. Tafiti za kitaifa za VVU, kama THIS ya Tanzania ya 2016–17 na KENPHIA ya Kenya ya 2018, zilichukua damu hata kwa watoto. Pale ambapo sampuli zimehifadhiwa na ridhaa inaruhusu kupimwa zaidi, kazi iliyobaki ni vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na fundi wa maabara. Wilaya itakayoonekana kuwa na kinga chini ya asilimia 90 kwa watoto wa miaka 10 ianze na dozi moja kwa wanaoingia shule za bweni, kwa wapishi wa shule na mama lishe walio wadogo kiumri, na kwa wenye B sugu ambao IgG yao ya A ni hasi. Hao wa mwisho wako tayari kwenye daftari za kliniki za ini, na kuwapima kunaweza kuanza kabla hata jedwali halijakamilika.